Shukrani Tuliyompa Mjomba

Mwaka jana wanawake wa ukoo wetu walimnunulia mjomba koti. Lilikuwa koti la mtumba, la kijivu, zito, linalofaa baridi yetu ya huku juu. Mama mkubwa alilichagua mwenyewe mjini Morogoro baada ya kuuza karoti zake sokoni, akaligeuza ndani na nje, akalinusa, akasema, "Hili ndilo. Mtu mzima akivaa hili anaonekana." Lilikuwa la kumshukuru mjomba kwa kuturudishia shamba la mtoni. Mimi nilikuwa pale nimeshika mfuko, na nilijua kwamba aliyeturudishia lile shamba hakuwa mjomba.

Sikusema kitu. Mbele ya watu wazima sauti yangu huishia kooni, na nikilipata neno la kwanza wenzangu wameshafika kwenye jambo jingine. Kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza. Niliishia darasa la saba na ninaandika polepole, lakini hapa nitafika mwisho.

Aliyelirudisha shamba ni mama mdogo, mdogo wake mama yangu. Aliolewa Kisaki, akakaa huko miaka, kisha akarudi nyumbani na begi moja. Watu wanasema aliachwa kwa sababu ya mdomo. Yeye anasema aliondoka mwenyewe, na mimi namwamini, maana sijawahi kumwona akifukuzwa mahali akakubali.

Huku kwetu Uluguru, kwenye miteremko iliyo juu ya Bigwa, ardhi inatoka kwa mama. Mimi ni wa ukoo wa mama yangu. Baba yangu, ambaye ni mtu mpole sana, analima hapa kwa sababu alimwoa mama. Wageni wakisikia hivyo wanasema wanawake wa Kiluguru wana raha. Waje wakae na sisi msimu mmoja. Ardhi ni ya akina mama, lakini msemaji wa ardhi ni mjomba. Mwanamke analima vitu vya kung'olewa: karoti, kabichi, figili, vitunguu. Mti anapanda mwanamume, kwa sababu mwenye mti ndiye aliyeishika ardhi. Mboga ikishang'olewa ni kama hukuwahi kulima pale.

Siku moja tulishuka mtoni tukakuta vigingi vimepigwa katikati ya karoti zetu. Alivipiga mtoto wa kiume wa mjomba, kwa ruhusa ya baba yake, ili apande miparachichi. Huyo kijana si wa ukoo wetu. Yeye ni wa ukoo wa mama yake, na ana wajomba zake wenye mashamba yao. Mama aliviangalia vile vigingi, akafunga khanga yake vizuri, akaanza kupalilia upande wa juu ambako havijafika. Wanawake wengine walifanya hivyo hivyo. Kuteta tuliteta, kila siku, wakati wa kuchota maji. Kwa mjomba hakwenda mtu.

Mjomba alipoitisha kikao cha ukoo nyumbani kwake, Jumapili baada ya misa, nilidhani mambo yatapita kimya. Wanaume walikaa kwenye viti, sisi kwenye mikeka. Mjomba alipokuwa anataka kufunga, mama mdogo akasimama.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Kaa, mama, mambo ya shamba yamekwisha."

"Yamekwisha kwa nani? Kwangu hayajaanza."

Watu wakacheka. Mjomba naye alitabasamu, akamwachia aseme.

"Shamba lile alilima bibi," mama mdogo akasema. "Akalima mama, aliyekuzaa wewe na mimi. Mwanao nampenda, nimembeba mgongoni. Lakini ana wajomba zake. Aende akapewe huko, kama hawa watoto wetu wanavyokutegemea wewe."

Mzee mmoja alisema kutoka kwenye viti, "Aliyeshindwa ndoa ndiye anatufundisha ukoo!"

"Ndoa nilishindwa, ndiyo. Sasa mnataka nishindwe na kwetu?"

Hapo hakucheka mtu. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anachomoa nyuzi za mkeka. Mama mdogo hakukaa.

"Na jambo la pili. Sisi wanawake tunataka kupanda miti pale mtoni. Sisi wenyewe."

Mjomba akaegemea kiti. "Wewe ukiolewa tena, mti utaubeba kichwani?"

Kicheko kikawa kikubwa, hata wanawake walicheka. Mama mdogo alingoja kiishe.

"Nitauacha hapo hapo, kaka, huyu mpwa wako atachuma. Wewe ukifa utaubeba wa kwako?"

Aliponitaja nilitamani kujifunika mkeka. Lakini niliona uso wa mjomba ukibadilika, si kwa hasira, kama mtu aliyekumbushwa kitu ambacho mama yake alimwambia zamani. Akamgeukia mwanawe, akamwambia akang'oe vigingi. Kuhusu miti hakujibu kitu. Wanawake wote tuliokaa pale tulipata shamba letu mchana ule kwa sababu mmoja alisimama.

Nilidhani watambeba mama mdogo mabegani. Badala yake walianza kumkwepa. Tukienda naye kuchota maji mazungumzo yanakatika. "Amemjibu kaka yake mambo ya kifo," walisema. "Mwanamke gani yule?" Na wakati wanasema hivyo, walikuwa wanamwagilia karoti katika shamba alilolisemea. Mimi ningeweza kuelewa kama wangekuwa hawajui. Walijua.

Mama mkubwa, ambaye ni binti wa dada wa bibi na anasikilizwa na wanawake wote, ndiye aliyeleta wazo la kumshukuru mjomba. "Ametusikia," alisema. "Mwenye mamlaka ukimshukuru analainika." Wakakubaliana koti, kuku, wali na ndizi. Mama mdogo akapangiwa jikoni.

"Wewe pika tu," mama mkubwa alimwambia. "Ukikaa mbele utaleta maneno."

"Na chumvi niweke, au nayo italeta maneno?" mama mdogo akamjibu, akachukua kisu na kuanza kumenya ndizi.

Kukabidhi koti nilipewa mimi. Nilimsikia mama mkubwa akieleza sababu, kama vile sipo: "Huyu hana maneno. Atasema atakachoambiwa." Nilichoambiwa ni hiki: Mjomba, asante kwa kutugawia shamba.

Siku ilipofika waliniita mbele. Nililiinua koti kwa mikono miwili. Mjomba alikuwa amekaa, ametabasamu, ananitazama kwa upendo wa kweli, maana mjomba si mtu mbaya na ndiyo maana jambo hili lina uzito. Nilifungua mdomo nikafunga. Maneno nilikuwa nayo. Safari hii hayakukwama kooni, niliyazuia mimi. Nilisema moyoni, sitayasema, kwa sababu si kweli. Nikasimama nimeshika koti, nimebana midomo.

"Jamani, mtoto ana aibu!" mtu akasema, na kicheko kikaanza.

Mama akainuka haraka, akalichukua koti mikononi mwangu. "Anaona aibu, kaka. Anasema asante kwa kutugawia shamba."

Vigelegele vikapigwa. Hadi leo nikikumbuka nakereka. Mara moja katika maisha yangu nilikataa jambo mbele za watu, wakaliita aibu, kisha wakanisemea kile nilichokataa.

Mjomba alilivaa koti pale pale. Lilimkaa vizuri, mama mkubwa ana jicho. Akasimama kutushukuru.

"Nimefurahi sana. Nyinyi ni dada zangu, hamna kiburi. Shamba nimewagawia, limeni. Limeni mboga. Miti, hapana, tuiache kwanza. Na mwakani tutakaa tena, niangalie nani nimpe wapi."

Walipiga makofi! Nilimtazama mama, nikamtazama mama mkubwa, nikatafuta hata uso mmoja uliosikia. Alikuwa amelichukua tena shamba mbele ya macho yetu, akiwa ndani ya koti tulilomnunulia, nao wanapiga makofi. Mama mdogo alikuwa mlangoni na sinia la wali. Alisimama kidogo, halafu akaendelea kugawa chakula, akianza na mjomba kama heshima inavyotaka.

Jioni tulikwenda mtoni kuosha masufuria, mimi na yeye peke yetu. Alisugua kwa majivu. Mwisho akaniuliza, "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Wamemshukuru mpaka limekuwa lake."

Nikajikaza. "Mama mdogo, mimi nilikataa kusema yale maneno."

Aliacha kusugua. "Ulikataa? Mimi nilidhani ni aibu zako za kawaida."

Hata yeye. Nilitaka kulia kwa hasira.

"Mwanangu, ukikataa, kataa kwa mdomo," akasema. "Ukikataa moyoni wanakusemea."

"Asante," nikasema.

"Asante ya nini tena?"

"Ya siku ile ya kikao."

Aliinamia sufuria akasugua mahali pamoja kwa muda mrefu, mahali palipokuwa pameshatakata. "Wewe ndiye wa kwanza," akasema. "Unajua siku ile magoti yalikuwa yanatetemeka? Nilikuwa namshukuru Mungu kwamba nimevaa gauni refu. Sikutaka koti mimi. Nilitaka mtu mmoja pale kwenye mkeka aseme, ni kweli. Basi. Hata mama yako."

Wiki hiyo hiyo tulishuka naye Bigwa kwa mtu anayeotesha miche, tukarudi juu na miche ya parachichi kwenye matenga, kichwani. Hakuniomba nimsaidie kupanda, ila nilichukua jembe langu nikamfuata. Tulichimba mashimo kando ya kijito, upande wa matuta ya mama, tukaweka samadi. Tulikuwa tumefika katikati mjomba akatokea juu ya njia, amevaa koti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nani amewaruhusu?"

"Mama yetu," mama mdogo akajibu, bila kuinuka.

Mjomba alinigeukia mimi, kwa sauti ya upole kabisa. "Mpwa wangu, wewe umeletwa tu, si ndiyo? Nenda nyumbani kamsaidie mama yako."

Alikuwa ananifungulia mlango. Ningeondoka, hakuna ambaye angenilaumu. Wangesema ni mtoto mwenye aibu. Na mama mdogo angebaki na mashimo yake peke yake, kama alivyobaki kwenye kikao.

"Sijaletwa," nikasema.

"Unasemaje? Sema kwa sauti."

"Sijaletwa, mjomba. Nimekuja." Nikatafuta maneno mengine. Yalikuja moja moja, na mjomba aliningoja, nadhani kwa sababu aliamini nitaishia njiani. "Siku ile ya koti sikuona aibu. Nilikataa. Shamba hukutugawia, lilikuwa letu. Mama mdogo ndiye aliyelisemea. Alichosema ni kweli."

Mjomba alitutazama mmoja mmoja. Akashika kola ya koti. "Kwa hiyo mnataka koti lenu?"

"Livae tu, kaka," mama mdogo akasema. "Baridi."

Aliguna, nusu hasira na nusu kicheko alichokizuia. Akasema tutaitana kwenye kikao, akaondoka. Mche hakuung'oa, wala hakusema tumeruhusiwa.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Mama hakunisemesha mpaka nilipomaliza kula. "Umeniaibisha kwa kaka yangu," akasema. Kisha, akikusanya vyombo, "Hivi mdogo wangu alimjibu nini kuhusu koti?" Nilipomwambia alijifunika uso kwa khanga, mabega yakatikisika, akaingia ndani ili nisimwone anacheka. Hadi leo hajanitamkia kwamba tulifanya vizuri. Lakini hajanikataza kwenda mtoni.

Kikao bado hakijaitishwa. Miche imeshika na imetoa majani mapya, na mjomba akipita anaiangalia kisha anaangalia pembeni. Kila mwezi unaopita inazidi kuwa vigumu kusema haipo. Tunangoja. Kwenye mikeka safari hii tutakuwa wawili, labda watatu, sijui.

Wiki iliyopita nilikutana na mama mkubwa kwenye njia, anateremka na tenga la kabichi. Aliangalia huku na huku.

"Ile miche, hajaing'oa?"

"Hajaing'oa."

"Basi mwambie mama yako mdogo aniwekee na mimi miwili. Ila usiseme mbele za watu."

Damu ilinipanda. Huyu ndiye aliyemfungia jikoni. "Mama mkubwa," nikasema, "kwa heshima zote, mwambie mwenyewe. Yuko pale mtoni saa hizi. Na uanze na asante."

"Heh! Siku hizi nawe una mdomo?" Akaweka tenga sawa kichwani, akachukua njia ya juu, ile isiyopita mtoni.

Nilimsimulia mama mdogo nikitegemea atakasirika pamoja nami. Alikuwa anang'oa magugu kuzunguka mche. "Mtengee miwili," akasema.

"Aseme asante kwanza!"

"Mtengee, nimesema. Tukifika kikaoni nataka na yeye awe na miti yake pale."

Nimeitenga, katika ile tuliyobakiza bila kupanda, kivulini, kando ya maji. Naimwagilia, na kila nikiimwagilia nina hasira.