Gitaa la Besi Kwenye Mlango Wangu

Nikiri kwanza, maana hata nikinyamaza jirani yangu atakuambia: nilinunua gitaa la besi nikidhani ni gitaa la kawaida lililopoteza nyuzi mbili. Nilikuwa nimeshuka Bwera, mpakani na Kongo, siku ya soko kutafuta vitenge vya wateja, mimi fundi cherehani ambaye hutoka nyumbani kwa shida kama jino. Mwanamume mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka alikuwa ametandaza vitu vyake juu ya turubai: pasi, redio, viatu vya ngozi, na hilo gitaa jekundu lililochujuka. Nikahesabu nyuzi. Nne. Nikanuna kama mteja mzoefu.

"Hii mbovu. Nyuzi mbili ziko wapi?"

Akalitazama, akanitazama mimi, akashusha pumzi kama mfiwa. "Mama, zilipoteaka ku njia." Akanipunguzia bei. Nilipolikuna na sauti ikatoka kidogo tu, akaongeza, "Na iko ya kimya. Haisumbue bajirani."

Hapo ndipo aliponimaliza. Mimi ni mtu wa kukaa ndani na mlango umefungwa. Gitaa lisilosumbua majirani nililiona limetengenezwa kwa ajili yangu. Nikarudi kwangu Kasese bila kitenge hata kimoja, moyoni nikijisifu kwamba nimemwibia mtu mchana kweupe.

Hamu hiyo haikuanzia sokoni. Nilipokuwa sekondari, wavulana ndio walioshika magitaa. Sisi wasichana tulipewa kayamba na kuambiwa tutabasamu. Kwa hiyo kila alasiri, nikishaweka sindano chini, nililipakata gitaa langu la kimya na kulikuna, tung, tung, nikitabasamu bila kuambiwa na mtu.

Jirani yangu ana pikapu ya kubeba mizigo kati ya Kasese na mpakani. Tunamwita Hajji, ingawa safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Mbarara. Ukuta wetu ni mmoja.

"Nyabo," aliniambia siku moja uani, akiniita bibi kwa heshima ya kwetu, "hiyo mbuzi umefunga kwa nyumba, inataka maji ama inataka kutoka?"

"Ni muziki, Hajji."

"Ah. Pole."

Jumamosi iliyofuata alinijia na mgeni: mama wa Kikongo wa makamo, mfanyabiashara wa mawese, ambaye Hajji humbebea madumu yake kutoka Bwera. Mikono yake ilikuwa imeiva rangi ya mafuta hayo hadi kwenye viwiko. Nilimpa gitaa, akakataa kulipokea. Aliomba sabuni kwanza. Akanawa, akanusa vidole, akanawa tena, akajifuta kwa kanga yake mwenyewe. Ndipo akalipokea, kwa mikono miwili.

Nikaona nimwonye. "Samahani, nyuzi mbili hazipo."

Alinitazama kwa upole ambao sijausahau. "Mama, zote ziko. Besi iko na nyuzi ine."

Hajji alitoka nje akacheke vizuri. Alikaa huko muda mrefu.

Mama yule hakucheka. Alizungusha vigingi vya kukazia nyuzi, sikio likiwa limelala juu ya mbao, kisha akasimama karibu na mlango wangu na kuegemeza pembe ya gitaa kwenye ubao wake. "Sisi kule, kama umeme haiko, tunazoeaka ku mulango," akasema. Akapiga.

Nyumba ikaongea. Sina namna nyingine ya kulisema. Mlango ule ule ninaoufunga ili watu wasiingie ulikuwa umegeuka kifua cha mtu mnene anayeimba. Vikombe vikatetemeka kabatini, sindano zikacheza ndani ya kopo, na Hajji akarudi na uso wa msikitini. Mama yule hakuvitazama vidole vyake hata mara moja. Alitazama ukutani, midomo ikisogea, kama anayemfuata mtu anayeimba mbele yake.

Baadaye, kwenye chai, alinieleza. Alipiga besi katika kwaya ya kanisa lao karibu na Beni kwa miaka mingi. Siku ya kukimbia vita alibeba mama yake mgongoni, na mgongo ni mmoja. Sasa kwaya yao pale Bwera ina waimbaji wazuri, lakini chini ya sauti zao hakuna kitu. "Besi haiimbake," alisema. "Inashikiliaka tu benye banaimba, basianguke." Kisha akauliza, bila kuzunguka: "Unaiuzisha?"

Nikajibu, "Nitafikiri."

Nilifikiri Jumamosi sita. Kila akileta mawese alipitia kwangu, akanawa mara mbili, akapiga besi mlangoni, akaniuliza, nami nikawa na sababu mpya. Mara nasubiri ushauri wa dada yangu, ambaye hajawahi kunishauri kitu nikakifuata. Mara nataka kwanza kujifunza. Akanifundisha, bila kuchoka, sauti nne tu za wimbo mmoja. Nikashika mbili. "Izo mbili ziko muzuri," alisema, na nikavimba wiki nzima.

Ukweli niliujua. Watu hunijia na suruali zilizopasuka makalioni, nao huondoka zikishashonwa. Yeye alikuja akakaa. Gitaa likienda Bwera, nani tena angenawa mikono mara mbili nyumbani kwangu?

Jumamosi ya saba alikuja akanywa chai, gitaa limeegemea cherehani, asiliguse. Nikamsogezea. Akalirudisha taratibu.

"Leo hapana, mama. Inaniumaka kuiacha. Kila mara niko naiacha tena." Akacheka kidogo, akaulizia bei ya uzi, akaondoka.

Nilikaa naona haya. Mtu aliyeacha lake mara moja, mimi nilikuwa nikimwachisha kila wiki, tena kwa chai na sukari.

Siku tatu nilishona mfuko. Turubai nje, blanketi ndani, mkanda wa begani, zipu niliyoing'oa kwenye begi langu la safari, ambalo halina kazi. Nikampigia mama yule simu, tukapatana haraka kuliko nilivyopatana na yule wa turubai, na Jumatano nikalibeba hadi kwenye pikapu ya Hajji aliyekuwa anashuka Bwera. Alilipokea, akalilaza juu ya magunia ya maharage. Nami nikashika ukingo wa pikapu, siachii.

"Hajji, tungoje hadi wiki ijayo. Zipu haijakaa vizuri."

Akafungua zipu. Akaifunga. Akaifungua tena, akaifunga, akaniangalia.

"Nyabo, zipu iko sawa. Wewe hautaki gitaa, unataka wageni. Toa mkono kwa gari yangu, na Jumamosi upike chakula uite watu, kama binadamu wengine."