Rangi ya Ukindu

Usiku ule nililala nimenuna. Shangazi Mwanaidi, dada wa marehemu baba na ndiye aliyenilea, alikuwa ameacha dawa za kifua kikuu kabla hazijaisha, na jioni nzima nilikuwa nimemhutubia. Nilikuwa likizoni kutoka chuo, ninakosoma biolojia, na kwenye begi nilikuwa na insha ya kumalizia, kuhusu sababu za watu kutoielewa sayansi. Nikamweleza vimelea, usugu, kinga ya mwili. Yeye akaendelea kusuka mkeka wake bila kuinua macho, mwisho akasema amechoka, akaingia ndani. Nikajisemea, ndio hawahawa ninaowaandika. Lakini nilikuwa naogopa, sifichi. Nilijua ugonjwa ule ukirudi huja na ubishi, na sina shangazi mwingine.

Usingizi uliponichukua nilijikuta katika darasa letu la sekondari, lile lisilo na vioo madirishani, na mbele amesimama Mwalimu Sefu. Huyu alitufundisha kemia, na tulimzika nilipokuwa kidato cha nne. Ndotoni nalijua hilo, wala halinishtui. Amevaa shati lake lililolika kola, anatwanga choya, yale maua mekundu ya sharubati, kwenye kinu alichokuwa akikibeba kutoka nyumbani kwake. Shule yetu haikuwa na kemikali, hivyo tulipima vitu kwa maji ya choya. Ukitia majivu, wekundu unageuka kijani, na darasa zima linapiga kelele. Jina la kilichotokea hakulitaja mpaka kila mmoja aseme alichokiona, hata wale wavivu wa nyuma. Alizoea kusema kwamba jina ni mgeni, lazima lipige hodi kwanza.

Namwamkia. Haitikii, ananipa bakuli. Ninapolipokea hatuko darasani tena, tuko uani kwetu, penye sufuria ambamo shangazi huchemshia rangi ya ukindu wa mikeka. Mwalimu amekunja suruali, anasuuza ukindu kwenye beseni, na maji yanamwagika mekundu mpaka yanatufika vifundoni. Nataka kumsimulia yote niliyomwambia shangazi. Nafungua mdomo, inatoka chaki. Inanimwagikia kifuani na mabegani kama unga wa sembe, nami siwezi kuizuia.

Mwalimu ananipangusa taratibu, bega hili, kisha lile, kama mzazi anayemtayarisha mtoto kwenda kusali Idi. Ndipo anaposema:

"Umemjibu vizuri. Aliuliza nini?"

Shangazi hakuuliza kitu, maana sikumwachia nafasi. Nataka kumwomba mwalimu akae kidogo nimshukuru, kwani bila yeye nisingekanyaga chuo, na alipokufa sikuwa nimewahi kumwambia ahsante. Anacheka cheko lake lile la puani, kana kwamba ahsante yangu imeshafika. Kisha ananionyesha mlango wa shangazi kwa kidevu.

Niliamka adhana ya alfajiri inaita, mto umelowa machozi. Nikamwombea rehema. Kulipopambazuka nilimkuta shangazi uani, anasuuza ukindu mwekundu. Nikamwamkia, nikachutama, nikashika upande wa pili wa fungu.

"Shangazi, zile dawa zinakutia hofu gani?"

Kwa sauti ya chini na kwa haya ya kumwambia jambo kama lile kijana wa kiume, alinieleza kwamba tangu aanze vidonge, mkojo wake ulikuwa mwekundu.

"Ile dawa inanitoa damu, mwanangu. Nikaona heri kikohozi."

Jambo hilo nililisoma chuoni, nikalijibia na mtihani. Vidonge vile vina rangi yake, na rangi hiyo hutoka na mkojo bila kudhuru. Yeye hofu ile aliibeba peke yake, nami nikawa namhubiria usugu. Nikauinua ukindu niliokuwa nimeushika, unachuruzika.

"Na huu, unatoka damu?"

Akauangalia. Akayaangalia maji ya beseni. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, akaniuliza kama ni rangi tu. Nikamwambia ni rangi tu, inaingia na dawa na inatoka. Akaniuliza mengine mengi asubuhi ile, na yale nisiyoyajua nilisema siyajui, tutamuuliza muuguzi. Akafunga kanga yake vizuri, akasema twende kituo cha afya kabla foleni haijawa ndefu.

Njiani nilimsimulia ndoto. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akasimama kwa mama muuza vitumbua, akaniambia nichukue vya kutosha watoto wa madrasa, viwe sadaka ya mwalimu.

"Chagua vya moto," alisema. "Ametoka mbali."