Sakafu ya Mkaratusi na Mama Mkwe Dirishani

Ndugu zangu, leo nacheka, lakini kwa miaka mingi nilikuwa nikimwona mtu wa kijijini kwetu Mghange anakuja upande wangu pale Voi najifanya nimeona kitu cha maana sana ng'ambo ya barabara, kwa maana nilijua ataniuliza tu, "Karani, vipi lile dirisha?" Aibu ile ilikuwa yangu peke yangu, niliichagua mwenyewe, tena kwa kuitazama rangi yake.

Miaka ya hamsini nilikuwa karani wa mizigo stesheni ya Voi, kijana, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, na nyumbani Mghange nilikuwa nimejenga nyumba ya mabati ambamo mke wangu Wakesho alishaanza kukaa, ikabaki sakafu ya sebule tu. Saruji nikaikataa. Mghange kuna baridi (wewe uliyezaliwa Voi huwezi kujua), na mimi nilikuwa nimeona sakafu ya mbao nyumbani kwa stesheni masta, nyekundu, inang'aa, ukiikanyaga inaitika ko, ko, ko, nikaapa na yangu itaitika vivyo hivyo.

Nikaenda kwenye bohari la mbao, lililokuwa likisimamiwa na Mzee Athumani, mtu wa pwani, mpole, asiyependa kumharakisha mnunuzi. Akanionyesha aina tatu. Kwanza mvule. "Huu, mwanangu, ukishautandika utakufa uuache," lakini zilikuwa zimebaki mbao chache, nyingine ilibidi kungoja mzigo uje. Pili podo, mbao zimenyooka, zimekauka, hazina neno, ila nyeupe kama uji usiotiwa maziwa. Tatu mkaratusi, na hapo ndipo moyo wangu ulipotua, maana ulikuwa mwekundu kabisa, ule ule wa ndoto zangu.

"Huo usikutamanishe," akasema Mzee Athumani. "Umepasuliwa juzi tu, ungali mbichi. Uanike kivulini miezi kadhaa, ndipo uutandike. Hivi sasa utakupindia nyumba."

"Mama mkwe anakuja baada ya wiki tatu, mzee."

"Basi chukua podo."

"Podo ni nyeupe mno."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa anayekataa dawa. "Haya. Mwenye macho haambiwi tazama."

Mbao zikapanda milimani juu ya lori la mboga lililokuwa likirudi tupu, na fundi wangu, Mwadime, akazipigilia huku akinung'unika kwamba misumari inatoa maji (nikamwambia apige misumari, maneno aniachie mimi). Kwa siku kama kumi hivi nilikuwa mfalme. Kisha jua likawaka siku nne mfululizo, mbao zikaanza kujikunja kwenye ncha, na asubuhi ya siku ya wageni ubao wa karibu na mlango ulikuwa umeinua kichwa kama kenge. Nikachukua nyundo, nimeshavaa tai, nikaupiga misumari minne mirefu ukalala. Nikaridhika.

Sasa lazima mwelewe jambo moja. Kwetu siku zile mama mkwe humpi hata mkono. Hukai naye karibu, humtazami usoni, mkikutana njiani unapisha kichakani. Mama yake Wakesho alikuja na kaka yake, Mjomba Kisombe, mzee mwembamba mwenye fimbo, na sababu ya safari ilikuwa kubwa: Wakesho alikuwa na mimba ya miezi minane, na mama alitaka kuona mwenyewe kama nyumba hii inafaa mwanawe kujifungulia au amrudishe kwao. Nami nilitaka abaki. Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani.

Ukungu ulikuwa umeshuka, kwa hiyo nikaweka jiko la makaa katikati ya sebule, nikafunga madirisha, nikausukuma mlango ukajifunga barabara, kisha nikakaa kona yangu nikitazama ukuta kwa heshima. Wakesho akamimina chai, ikanywewa. Mjomba akaisifu sakafu. Mara, pa! Kama bunduki. Chai ya mjomba ikamwagika pajani.

"Ni mbao zinajinyoosha tu," nikasema.

Baada ya muda mjomba akataka kutoka nje kidogo (chai ilikuwa nyingi), akavuta mlango. Mlango haukuja. Nikaenda nikatazama: ule ubao ulikuwa umeing'oa misumari yangu yote minne na kusimama nyuma ya mlango kama kabari. Nikavuta kwa nguvu, kitasa kikabaki mkononi mwangu, nami nikaanguka chali mbele ya wakwe. Mjomba akacheka mpaka akakohoa. Mama mkwe hakucheka.

"Kichwa kinanizunguka," akasema taratibu.

Mimi, mjinga, nikadhani ananisema kwa mafumbo. Lakini akainuka, akayumba, akateleza akalala juu ya mbao zangu nyekundu, na Wakesho akapiga ukelele, "Makaa! Ni hewa ya makaa! Fungua dirisha!"

Nikafungua dirisha, nikamsogeza Wakesho aweke kichwa nje avute hewa, mjomba akapanda akashuka upande wa pili, koti lake likachanika mgongoni. Kisha nikageuka. Mama mkwe amelala, macho nusu wazi. Wakesho na tumbo lile hawezi kumwinua. Mjomba yuko nje ameshika kiuno. Nikamwambia Mungu anisamehe, nikampakata mama mkwe kama mtoto.

Na watu, mnajua watu, walikuwa wamesikia ukelele. Nilipofika dirishani, mguu mmoja nje, kilemba cha mama mkwe kimeanguka, mikono yake shingoni mwangu, suruali yangu ya pasi ikachanika raa! kwenye komeo la dirisha, majirani kama ishirini walikuwa wamesimama uani vinywa wazi. Mwanamke mmoja akafunika macho.

Nikamlaza nyasini, nikarudi kumtoa Wakesho. Dakika zile sizitamani tena maishani. Halafu mama mkwe akavuta pumzi ndefu, akakohoa, akaomba maji. Akanywa. Akatazama ule umati unaonong'ona.

"Mnashangaa nini?" akawauliza. "Mtu akizama mtoni, huwa mnauliza kwanza nani wa kumshika?"

Kisha akanigeukia mimi, mara ya kwanza kabisa, machoni. "Mwanangu, ng'oa hizo mbao. Mjukuu wangu hawezi kutambaa juu ya mtego."

Mjukuu wake kutambaa mle! Maana yake Wakesho anabaki. Nilitaka kucheka, nikalia, mbele ya wote, nimeshikilia suruali kwa nyuma.

Kesho yake Mwadime aling'oa sakafu yote bila kunisema hata kwa neno moja (hiyo ilikuwa adhabu tosha), nami nikatandika podo. Tangu hapo sijaingiza jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa, na fundi akiniambia ngoja, nangoja hata mwaka. Wanicheke wanavyotaka. Siku ile tuliingia mle ndani watu wanne, tukatoka wanne wazima, na wa tano tumboni akipiga mateke.