Nyumba ya Mwandoya Ndani ya Kioo

Mimi sikusomeshwa na ng'ombe wa mtu. Niliondoka nyumbani na begi moja, nikabeba zege Dar es Salaam mchana na kusoma jioni, na baada ya miaka tisa nikarudi Bariadi na stashahada ya uchoraji wa majengo, pamoja na kompyuta yangu mwenyewe niliyoipakata kwenye basi safari nzima. Nasema hivi kwa kujisifu, maana asiyejisifu kwa jasho lake atajisifu kwa nini?

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kushindana mlangoni kwa mkulima, na Simiyu lilikuwa bado jina la mto, si la mkoa. Mtu aliyezoea kusubiri ushirika miezi na miezi alijikuta na fedha mkononi siku ileile, na akili yake ikaenda kwenye nyumba: bati, madirisha ya vioo, sebule yenye nafasi ya makochi. Mimi niliwaambia wote kwamba kwangu mtu ataingia ndani ya nyumba yake na kutembea humo kabla tofali la kwanza halijafyatuliwa.

Niliwaambia mapema kidogo kuliko uwezo wa ile kompyuta. Programu ya ramani ilikuwa nzuri, lakini ukibonyeza uingie mlangoni, picha ilisogea kwa kurukaruka. Toka barazani mpaka sebuleni ungeweza kunywa nusu kikombe cha chai huku ukuta ukijichora.

Ndipo akaja mzee mmoja wa Mwandoya, mwenye ng'ombe wengi na pamba nyingi zaidi. Alitaka nyumba ya vyumba sita. Nyumba kubwa namna ile ingenitangaza Meatu nzima, na nisingeitwa tena "yule aliyerudi na televisheni isiyoonyesha mpira." Lakini alikuwa na fundi mwingine, mzee mwenzake aliyechora ramani chini kwa kijiti. Akaniambia atakuja Jumamosi na mkewe kuona, na siku hiyohiyo ataamua.

Nikaagiza kadi mpya ya picha kutoka Dar. Kadi ile ndiyo inayoichorea kompyuta vitu kwenye kioo. Ya zamani ilikuwa dhaifu, mpya ilikuwa na feni yake ndogo mgongoni. Ilifika Alhamisi kwa basi, ndani ya boksi la viatu. Nikalaza sipiyu, lile sanduku la kompyuta lenyewe, mezani, nikaifungua kwa bisibisi, nikatoa kadi ya zamani, nikaweka mpya, nikawasha jenereta.

Nilikwenda toka barazani mpaka jikoni bila ukuta kukwama. Nikageuka kulia, kushoto, nikazunguka nguzo. Mwanga wa dirisha ulilala sakafuni kama wa kweli. Nikapiga kelele.

"Kuna nini?" mama akauliza kutoka uani. Nilikuwa nimemchukua kutoka Lalago akae nami.

"Njoo uone, mama! Natembea ndani ya nyumba!"

Akaja, akanitazama mimi, si kioo. "Unatembea umekaa?"

Nikafunga sipiyu, nikaisimamisha mahali pake, na mama akaivisha kitambaa. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi: redio ina kitambaa, viti vina vitambaa, hata mtungi wa maji. Cha kompyuta alikifuma wiki ya kwanza niliporudi, kwa uzi mweupe wenye maua mekundu pembeni, na ndani akakitia bitana nzito kwa sababu ya vumbi la Bariadi. Kilishuka mgongoni mpaka mezani kama kanzu.

Jioni nikamwita jirani yangu mwalimu aje ashuhudie. Baraza ikapita vizuri, sebule ikapita vizuri. Korido ikaanza kupasuka mistari ya kijani na zambarau, kisha kila kitu kikaganda.

"Nyumba yako imepigwa radi," mwalimu akasema, akaaga huku anacheka.

Ijumaa nzima sikuelewa dunia. Nikiifungua sipiyu na kuilaza mezani, inakwenda kama maji. Nikiifunga na kuisimamisha, baada ya dakika kumi inapagawa. Nilidhani skrubu inagusa mahali isipotakiwa, nikabadilisha skrubu. Nilidhani ni jenereta, nikaazima nyingine. Nilidhani muuzaji kaniuzia kadi iliyochoka; lakini kadi iliyochoka ingechoka hata mezani. Nilipekua daftari zangu zote za chuo. Ndani ya stashahada yangu hapakuwa na ukurasa wa kitu kinachofanya kazi kikiwa wazi na kugoma kikiwa kimefungwa vizuri.

"Ng'wanone," mama akaniambia kwa Kisukuma, mwanangu, "kuna mtu ameiangalia kwa jicho baya. Si ulimwita yule mwalimu?"

Nilimwambia mambo hayo hayapo. Hata hivyo, alipochukua kanga yake akaizungushia juu ya kitambaa ili macho ya watu yasiifikie, sikumkataza. Mtu aliyechanganyikiwa hakatai msaada.

Jumamosi mchana mzee akaja na mkewe, na mafundi baiskeli wanaofanyia kazi nje ya nyumba yangu wakajisogeza dirishani.

"Mwadila, mzee," nikamsalimu.

"Mwadila. Haya, tuingie hiyo nyumba. Fundi wangu anachorea chini, na kijiti chake hakijawahi kunywa petroli."

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Nikampitisha barazani. Akakisogelea kioo. Sebuleni akasema, "Aisee." Tulipoingia korido, mistari ikaanza.

"Mbona nyumba yangu inatetemeka kama ndama wa jana?"

"Inajipanga, mzee," nikasema. Nikazima, nikawasha. Ikaja, ikaganda tena mlangoni.

Mkewe hakuwa na habari na kioo. Tangu aingie alikuwa akikitazama kitambaa kilichochungulia chini ya kanga. "Mayu," akamwita mama kwa heshima, kama mama kwa mama, "hili ua umelianzia katikati au pembeni?"

"Pembeni."

"Naomba nione mgongo wake."

Mama akavua kanga, akavua kitambaa, wakaenda nacho mlangoni penye mwanga wakihesabu mishono. Mimi sikuwajali. Nilikuwa nazima na kuwasha, nabonyeza huku jasho linanitoka. Mara picha ikatulia. Korido ikapita, chumba cha kwanza, cha pili. Nikatangaza kwa sauti kwamba nimeirekebisha, na niliamini hivyo.

"Simama hapo," mzee akasema tulipofika chumba chake cha kulala. "Nisogeze dirishani. Zizi liko wapi?"

Nje ya dirisha nilikuwa nimechora nyasi tu.

"Sasa ng'ombe wakitoka usiku nitajuaje? Nitalalaje humo?"

Nikachora zizi palepale, nguzo kwa nguzo, mpaka likakamilika. Kadi haikujikwaa hata mara moja. Mzee akaegemea mbele, akahesabu nguzo kwa kidole. Mama akarudi na kitambaa, akaivisha kompyuta taratibu, akairudishia na kanga. Kabla sijamfikisha mzee mlango wa nyuma, mistari ikarudi.

Hapo ndipo nilipokiangalia kitambaa. Nikapitisha mkono chini yake, mgongoni mwa sipiyu. Palikuwa pa moto kama sahani iliyotoka jikoni.

Nikabaki na mkono wangu mle ndani. Mama alikuwa amesimama pembeni yangu, mbele ya wageni, na fahari yake ilikuwa kitambaa kile kama yangu ilivyokuwa kadi. Ningesema nini?

"Mama," nikasema, "mgeni amekipenda. Mpe."

Akanitazama kwa mshangao, maana kitambaa chake hakikuwahi kupewa mtu. Kisha akakivua. "Chukua, mayu. Nitafuma kingine."

"Wabeja," mke wa mzee akashukuru, akakikumbatia kifuani.

Tulimaliza vyumba vyote sita. Mzee akasimama na kuchukua fimbo yake. "Njoo Mwandoya wiki ijayo na futi yako," akasema. "Na zizi lisiguswe."

Nilimsindikiza barabarani nikiwa nimevimba. Nikamuuliza, kwa kutaka kusikia sifa, kama ameona jinsi picha ilivyokuwa inakwenda.

"Nimeona," akasema. "Lakini mke wangu akitoka kwako na zawadi, nitawezaje kumpa kazi mtu mwingine?"

Wiki mbili baadaye mama alikuwa karibu kumaliza kitambaa kipya. Nilimwomba mgongoni aache wazi.

"Kwa nini kitu cha thamani kitembee mgongo wazi?"

"Kinapumua, mama."

"Chuoni walikufundisha hivyo?"

"Hapana."

Akarudi kufuma. Nyumba ya Mwandoya ipo, na ukisimama kwenye dirisha lile unaliona zizi lote. Sebuleni kuna televisheni, na juu yake kitambaa chenye maua mekundu. Kila nikienda huko nasimama mbele ya nyumba na kuihesabia sifa kadi yangu. Kisha naingia ndani, nakiona kitambaa, nachanganyikiwa upya.