Aliyesema Haoni Taa

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Bariadi, na sina faida yoyote ya kukudanganya. Hili lilinipata mchana kweupe, saa saba, jua linachoma utosi. Sikuwa na homa wala sikuwa nimeonja kitu.

Msimu wa pamba uliopita nilifunga taa ya tahadhari kwenye trekta la tajiri mmoja. Niliichagua mwenyewe: ya njano, ya kuzunguka, si zile zinazokufa kwa mvua ya kwanza. Nikaikaza juu ya paa la trekta, nikajisifu kutwa nzima. Baadaye trekta hilo liliharibikia Sapiwi jioni, tela limejaa pamba, na kijana wa bodaboda akaligonga kwa nyuma. Alifia palepale. Waliofika waliikuta taa inawaka, basi ikasemwa kijana alikuwa amelewa. Aliyelisema hilo kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi. Ulitaka niilaumu kazi yangu?

Mwezi haukuisha, tajiri akaniletea trekta lilelile, limepakia vilevile, fyuzi ya taa imeungua. Akaenda kula. Nikabadilisha fyuzi, nikawasha, kisha nikamwita mtu aliyesimama barabarani nyuma ya tela anitazamie, kama tunavyofanya siku zote.

"Inawaka?"

"Sioni, fundi."

Nikamwambia arudi nyuma kidogo. Akarudi, haoni. Akarudi tena, bado haoni. Nilidhani ananitania, na mimi kazi na utani sichanganyi. Nikashuka, nikamfuata. Alikuwa kijana mpole, pamba imenasa kwenye nywele, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Nikasimama kando yake nitazame anakotazama. Niliona magunia ya pamba yamepanda juu, na anga. Taa hakuna, mzigo umeiziba.

"Hata mimi sikuiona," akasema taratibu. "Mwambie mayu sikuwa nimelewa."

Nikageuka. Barabara tupu hadi mbali, na kwenye vumbi kulikuwa na nyayo zangu tu. Niamini. Woga ulikuja, lakini aibu iliutangulia.

Kesho yake nilikwenda Sapiwi kwa huyo mayu, yaani mama yake. Tangu mazishi alikuwa haendi kanisani kwa ajili ya maneno ya watu. Nikamweleza yote, na kwamba taa ile niliifunga mimi. Aliniuliza jambo moja tu.

"Alikuwa na viatu vyote?"

"Kimoja, mayu."

Akajifunika uso kwa kanga, akalia sana. Kiatu cha pili hakikupatikana, walimzika na kimoja. Alipotulia akasema, "Jumapili utakuja. Utayasema hayo mbele ya watu."

Nilikwenda, nikasema. Tajiri yule hanisalimii mpaka leo.

Siku hizi tela nalifunga taa mbili nyuma, na asiyetaka atafute fundi mwingine. Nikimaliza, natembea mwenyewe hadi mbali nikatazame. Simwiti mtu tena kumuuliza kama inawaka, maana sijui nani ataitika. Na wewe, kabla hujasema marehemu alikuwa amelewa, nenda kwanza ukasimame alipokuwa.