Fundi Anayesubiri

Fundi wa kompyuta wa chama cha wafumaji, pale Castro kisiwani Chiloé, hazimi kitu kwa pupa. Kwanza huandika amri ya kuyaita makontena yanayofanya kazi ndani ya kompyuta, kila moja kama sanduku lenye programu yake, akayasoma taratibu kama mwalimu anayeita mahudhurio. Ameyapa majina ya wafumaji. Huliamuru moja lisimame, kisha huficha mikono kwapani na kusubiri. Jina likirudi peke yake kwenye kioo, basi limesimama. Hupiga funda la chai chungu, akaenda kwa jingine.

Asubuhi hiyo umeme ulikuwa ukatwe saa tano, na kontena la Edelmira lilikuwa bado linahifadhi picha za mablanketi yake. Yenyewe yalishauzwa mbali; zilibaki picha tu. Mgane wake, mzee Baldomero, alisimama mlangoni, kofia kifuani.

“Liue tu, dada,” katibu wa chama alimwambia fundi. “Zimebaki dakika mbili.”

“Likikatwa katikati, picha zitaharibika.”

“Wewe na huruma zako. Ndiyo maana kuku wako wanakufa kwa uzee.”

“Hawajalalamika.”

Fundi akalipatia kontena sekunde sitini za kumaliza kazi, badala ya kumi za kawaida. Mikono ikaenda kwapani. Mzee akahesabu naye kimya. Kwenye hamsini na moja jina likatokea: Edelmira.

“Limemaliza lenyewe, mzee. Zimo zote.”

Taa zikazimika. Mzee hakuondoka. Fundi akavuta kiti cha pili, akakifuta kwa kiganja, akarudisha mikono kwapani, wakasubiri wote wawili umeme urudi.