Kumvalisha Mama Nguo za Mlimani

Ukitaka koti zito la baridi kwa bei ya kutupa, njoo Voi. Marobota ya mitumba yakifunguliwa hapa, fulana na kaptura zinagombaniwa, lakini yale makoti yenye sponji ndani, yaliyoshonewa watu wa theluji, yanabaki chini ya rundo. Nani atayavaa hapa, mahali ambapo saa nne asubuhi mabati yanaanza kulia kwa jua? Muuzaji anakuachia kwa chochote ulicho nacho ili apate nafasi ya kutundika vinavyouzika. Mama yangu alilijua hilo mapema. Nilipokuwa mtoto, kila mwisho wa Julai alinishika mkono tukaenda sokoni kuyachimbua.

Mama ni mtu wa milimani. Alizaliwa juu ya Wundanyi, mahali ambapo barabara inaishia na njia ya miguu inaanza. Aliolewa na baba yangu, mfanyakazi wa reli kutoka magharibi ya nchi, akashuka kuja kuishi kwenye nyumba za reli hapa Voi. Shule zikifungwa mwezi wa Agosti, sisi tulipanda kwao, wakati ambapo huko juu ukungu hauondoki siku nzima na manyunyu hayana saa. Baba alibaki na kazi yake. Akituona tunavyojifunga alicheka tu: "Mnaenda kwa nyanya ama mnaenda vitani?"

Kumwona Mama akichagua koti kulikuwa burudani, mradi usiwe wewe unayechaguliwa. Kwanza alilinusa. Kisha akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mishono yote, akavuta zipu juu na chini mpaka aridhike. Halafu akaweka mdomo kwenye kitambaa akapuliza, mkono wake ukisubiri upande wa pili. Pumzi ikipenya, koti lilirudi kwenye rundo, hata liwe la kupendeza vipi. Mwisho alitoa chupa ya maji kwenye kikapu akamwagia bega la koti kidogo, aone kama maji yatateleza au yatazama. Hapo ndipo wauzaji walipochemka.

"Mama, unaosha ama unanunua?" mmoja alimfokea.

"Nikinunua bila kuosha, mvua itaniosha mimi," Mama akamjibu, na akaendelea kumwaga.

Jinzi hakutaka kuziona. Alisema jinzi ikishakunywa maji haitapiki, na kweli niliwahi kupanda nayo mwaka mmoja kwa ukaidi, nikatembea nusu ya njia miguu ikiwa mizito na mapaja yamechubuka. Sweta za pamba nazo alizitupa kando. Alichotafuta ni sufu, hata ikiwa na matundu kwenye viwiko, kwa sababu alisema sufu inalowa na bado inakutunza. Juu ya sufu alitaka koti jepesi la kuzuia upepo, basi. Yale makoti makubwa ya sponji aliyanunua ya kulalia tukifika, si ya kupandia.

Begi ndilo lililotumalizia asubuhi. Mama aliazima gorogoro tatu za maharagwe, kama kilo sita, kwa jirani anayeuza nafaka, akazimimina kwenye mfuko, akautia ndani ya begi na kuniamuru nizunguke soko zima. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, na wasichana wa darasa letu walikuwa pale wakinunua vibanio vya nywele. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye alinifuata nyuma akikagua: begi likining'inia matakoni litakuvuta kinyumenyume kwenye kila jiwe, likikaa juu sana litakuangusha kifudifudi. Alitaka liegemee kiunoni, kama alivyobeba kuni akiwa msichana. Likikosa mkanda wa kiunoni, alishona mwenyewe kwa leso kuukuu iliyokunjwa mara nne. Mikanda hiyo ya maua ilinitia aibu miaka mingi, na leo natoa chochote nipate mmoja tu.

Chini kabisa ya kila begi, ndani ya nailoni ngumu ya mfuko wa mbolea, zilikaa nguo za kufikia. Hizi zilikuwa na sheria. Hukuzigusa njiani, hata ulowe vipi. Ulizivaa kwa jirani wa chini, kabla ya kona ya mwisho, ili uingie kwa nyanya ukiwa mkavu na safi. Mama alituambia kwamba mgeni akifika amelowa na anatetemeka, mwenye nyumba anaona kama kwake ndiko kulikomuumiza. Nyanya hakuwahi kutuona tumelowa, na nadhani alikufa akiamini kwamba mvua ya mlima ule inatuogopa.

Sheria ya pili ilikuwa ngumu zaidi kwa watoto wa Voi. Tukishuka garini Wundanyi, Mama alituvua sweta. Tuanze tukiona baridi, alisema. Tulilia, meno yakigongana, na baada ya kona mbili za mlima tulikuwa na joto na hakuna aliyekumbuka kulia. Tulivaa tena tulipofika kwenye tuta la juu, pale upepo unapokutana nawe uso kwa uso.

Nimeeleza haya yote ili ieleweke kwamba nilifundishwa. Sina kisingizio.

Mwaka juzi Mama alikuwa amepita miaka sabini na mitano. Baba alishafariki, na Mama alikuwa anakaa nami hapa mjini. Mwaka uliotangulia alikuwa amelazwa kwa nimonia, na daktari aliniambia waziwazi kwamba kifua kile kikishikwa na baridi tena, huenda kisipone. Huko juu, kwenye nyumba ya wazazi wao, aliishi dada yake mkubwa, peke yake. Zamani mama mkubwa alishuka kila Krismasi nasi tulipanda kila Agosti, hivyo hawakuwahi kukaa mwaka bila kuonana. Sasa magoti yake yalikuwa yamegoma, na kifua cha Mama nacho kikawa hivyo. Walibaki na simu. Mama mkubwa hasikii vizuri, kwa hiyo walipigiana kelele tu mpaka majirani zangu wakajua habari zote za ng'ombe wa kule.

Siku moja Mama alikata simu akaniambia, "Nitaenda kumwona. Na nitaenda kwa miguu yangu."

Nilikataa. Nikamkumbusha daktari. Akanyamaza siku nne, na Mama akinyamaza nyumba nzima inakosa hewa. Siku ya tano nikashindwa. Nikamwambia sawa, twende, lakini safari hii nguo na mabegi nachagua mimi.

"Haya," akasema. "Nivalishe."

Nilikwenda sokoni peke yangu nikiwa na hofu, na mtu mwenye hofu hanunui vizuri. Nilinunua koti kubwa la sponji linalofika magotini. Mama alilipuliza, hewa haikupita, na bado akakunja uso. "Hili ni blanketi lenye mikono," akasema. Nikamwambia ndilo atakalovaa. Begi langu lilikuwa kubwa, nikatia kila kitu humo, na yeye nikamwambia aende mikono mitupu. Hapo alikataa katakata. "Nikipanda bila kitu mgongoni nitaona kama nimesahau mtoto." Akachukua kibegi cha shule cha mwanangu na kukipanga mwenyewe, mlango umefungwa.

Tulishuka garini Wundanyi saa tatu asubuhi, na manyunyu yalikuwa yameanza. Bodaboda walitufuata, Mama akawapungia mkono kama anafukuza kuku. Kisha akaanza kufungua koti.

"Mama, acha."

"Tunaanza tukiona baridi. Umesahau?"

"Hiyo ilikuwa zamani. Kifua chako si cha zamani."

Nikaivuta zipu mpaka kidevuni, nikamfunika kichwa kwa boshori ya sufu, nikamzungushia shali. Akageuka akaanza kupanda. Hakubishana nami tena, na kama ningekuwa na akili, kule kunyamaza kungenitisha.

Tulipita mashamba ya kabichi na migomba, yeye mbele, mimi nyuma. Kwa mwendo wa nusu saa nilijisifu moyoni. Kisha nikaanza kusikia pumzi yake. Uso ulikuwa unameta, nikadhani ni manyunyu. Tulipotokeza kwenye tuta la juu, wingu lilishuka likatufunika na upepo ukaja nalo. Mama akaketi juu ya jiwe. Nilitia mkono ndani ya kola yake. Alikuwa amelowa chepechepe, kwa jasho, kuanzia shingoni mpaka kiunoni, na jasho lile lilikuwa limeshakuwa baridi kama maji ya mtungi.

Akaanza kutetemeka. Kisha akakohoa, kikohozi kilekile cha hospitali.

Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile tangu nizaliwe. Nilikuwa nimefanya kosa la kila mtu wa Voi: kuiogopa baridi kabla hujaiona, ukaivalia yote chini ya mlima, ukajichemsha mwenyewe. Kosa hilo tulilicheka kila mwaka kwa wageni waliopanda kutoka chini kuja mazishini. Na mimi, niliyelelewa na mwanamke huyu, nilikuwa nimemfanyia yeye.

"Fungua kibegi changu," akasema. "Nguo ziko chini."

Nikaiona nailoni ya mbolea, imekunjwa vilevile. Na katika hofu ile yote, mdomo wangu ukasema, "Lakini Mama, hizi ni za kufikia."

"Nikifia hapa nitazivaa wapi?"

Mwanamke aliyebeba majani ya ng'ombe alikuwa anateremka. Alitua mzigo, akafungua leso yake, akainyoosha kutukinga na upepo na macho ya njia. Nyuma ya leso hiyo nilimvua mama yangu kila nilichomvalisha. Mgongo wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyoukumbuka. Nikampangusa kwa shali yangu, nikamvisha sweta ya sufu yenye viwiko vilivyotiwa viraka, kisha kikoti chake chepesi cha kuzuia upepo, nilichokuwa nimemkataza kule nyumbani. Nilikuwa nalia, naye aliona.

"Acha kulia, nifunge vifungo," akasema.

Tulitembea polepole. Nililibeba lile koti mkononi, limelowa na zito, na kila hatua nililichukia. Mtetemeko uliisha kabla hatujamaliza tuta. Kikohozi kilikuja mara mbili tatu kikaondoka. Kwa jirani wa chini hatukusimama, kwa kuwa hakukuwa na nguo nyingine ya kubadili, na hivyo kwa mara ya kwanza maishani mwake Mama alipita ile kona ya mwisho akiwa na matope mpaka magotini.

Mama mkubwa alikuwa ameketi mlangoni. Alimshika Mama mikono, kisha viwiko, kisha uso, kama anayehakikisha hajapunjwa.

"Mdogo wangu, umelowa."

"Nimelowa, dada. Mtoto wako alinipika."

Wakacheka mpaka Mama akakohoa tena, nami nikaruka. Wote wawili wakaniambia niketi.

Siku tatu nilimsikiliza kifua. Nililala nikisikiliza, nikaamka nikisikiliza. Kilikuwa safi. Asubuhi ya nne niliamka na furaha, nikapanga begi langu, nikatoa nje nguo zake za njiani: zile nyepesi, kwa utaratibu wake, nimejifunza. Mama alikuwa jikoni na dada yake wakichambua maharagwe kwenye ungo mmoja. Aliziangalia zile nguo lakini hakusimama.

"Wewe nenda," akasema.

Nilidhani anasema nitangulie. Akarudia. Anabaki.

Nilipandisha sauti, sifichi. Nilisema habari za daktari, habari za dawa, habari za ukungu ulioingia mpaka kwenye kizingiti. Nilisema anajiua makusudi. Nilimwambia hata kwamba amenidanganya. Mama mkubwa, ambaye husikia anachotaka, aliendelea kuchambua.

"Daktari alisema nisishikwe na baridi," Mama akasema. "Hakusema nisikae na dada yangu. Kuvaa najua."

"Na mimi je?"

Hapo akaweka ungo chini. "Mwanangu, Voi nilikaa vizuri. Baba yako alinitunza, na wewe umenitunza. Lakini miaka yote ile nilikuwa nangoja Agosti."

Miaka yote ile nilidhani twapanda kwa ajili ya nyanya, kwa ajili yetu watoto, kwa ajili ya kubadili hewa. Nilimkumbatia. Alinukia joto na moshi wa kuni.

Nilishuka peke yangu, nikapata gari Wundanyi, na Mwatate nikateremka kubadili. Jua lilikuwa kali, vumbi tele. Nikampigia kumwambia nimefika salama huku chini, kama nilivyompigia nilipokuwa mwanafunzi. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumza naye kwa utulivu, nimwombe msamaha kwa maneno ya asubuhi.

"Umekula?" akauliza, kabla sijasema kitu.

Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula. Nikaketi kwenye benchi la duka la watu, mtu mzima mwenye watoto, nikalia kwa sauti, na mwenye duka akaniletea maji bila kuniuliza.